Modeli ya kifaru T-55 yenye vyumba vyote vya ndani: kazi nzuri kwa mwenye subira

Boksi la modeli ya kifaru T-55 katika skeli ya 1/35, toleo lenye vyumba vya ndani, lina zaidi ya vipande elfu moja vya plastiki, bati jembamba la shaba lenye vipande vidogo vya kukunja, karatasi ya vibandiko vya maji na kijitabu kinene cha maelekezo. Nimeijenga yote, kuanzia feni iliyo nyuma ya injini hadi kiti cha dereva, na maoni yangu kwa ufupi ni kwamba ni modeli bora sana kwa anayetaka kuelewa jinsi kifaru kinavyofanya kazi, lakini ni mzigo usio wa lazima kwa anayetaka kifaru cha kupamba kabati. Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu karibu kila ninalolisema hapa, la sifa na la lawama, linahusu aina hii yote ya modeli na si boksi moja tu.

T-55 si mgeni kwa wasomaji wa ukanda wetu. Jeshi la Kisovieti lilianza kukitumia mwaka 1958 kikiwa mrithi wa T-54, na baadaye kikasambaa kwa majeshi mengi ya Asia, Mashariki ya Kati na Afrika. Katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, jeshi la Idi Amin lilikuwa na T-55 miongoni mwa vifaru vyake, ilhali jeshi la Tanzania, JWTZ, lilikuwa na Type 59, ambacho ni T-54A kilichotengenezwa China. Kwa maneno mengine, mashine za pande zote mbili zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Hapo hapo pana tahadhari kwa mnunuzi. Anayetaka kujenga kifaru cha JWTZ asichukue boksi la T-55 akidhani kwamba tofauti ni rangi na namba tu, kwa kuwa T-54 na Type 59 vina kofia ya feni iliyovimba juu ya mnara, mbele ya mfuniko wa mpakiaji (anayeingiza makombora kwenye mzinga), na T-55 hakina kofia hiyo. Ukiangalia picha yoyote ya zamani, hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kutafuta. Kwa mnara nina maana ya kile kichwa cha chuma kinachozunguka na kubeba mzinga.

Plastiki yenyewe ni safi. Mistari ya kalibu ni membamba na huondoka kwa kukwangua kidogo kwa makali ya kisu, na vishimo vinavyoachwa na kalibu vimewekwa mahali pasipoonekana, isipokuwa kwenye migongo ya viti, ambako itabidi upake pute na kupiga msasa. Kero yangu kubwa ni fremu, yaani vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande kabla havijakatwa. Vipande vimetawanywa katika fremu nyingi ndogo ndogo, kwa sababu kiwanda kinatumia fremu zilezile kwa matoleo tofauti ya kifaru hiki, na matokeo yake ni kwamba hatua moja ya ujenzi inaweza kukutaka uguse fremu sita tofauti. Vipande visivyohitajika kwa T-55 hubaki vingi. Zipange fremu kwa herufi kabla hujakata chochote, la sivyo jioni nzima itaishia katika kutafuta.

Ujenzi unaanzia kwenye injini, na hapo ndipo boksi hili linapostahili bei yake. V-55 ni injini ya dizeli yenye silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa karibu lita 39 na nguvu za farasi 580, na ukoo wake unarudi hadi injini ya V-2 iliyoendesha T-34, kifaru cha Kisovieti cha Vita vya Pili vya Dunia. Ndani ya T-34 injini ililala kwa urefu wa kifaru. Kuanzia kifaru T-44, kilichotangulia T-54, wahandisi waliigeuza ikalala kwa upana, chumba cha injini kikawa kifupi, na mnara ukapata nafasi ya kurudi nyuma hadi katikati ya bodi. Jambo hili huandikwa katika kila makala kuhusu vifaru vya Kisovieti, na mtu hulisoma na kulipita. Unapoishika injini ya plastiki mkononi na kuitafutia mahali pake kwenye sakafu, ndipo unapoona kwamba isingewezekana vinginevyo: injini imekaa kwa upana, giaboksi nayo imekaa kwa upana nyuma yake, nguvu inatoka kwenye injini kwenda kwenye klachi na giaboksi kupitia sanduku dogo la gia lililo ubavuni, na nyuma kabisa iko feni kubwa. Rejeta imelala chali juu ya giaboksi, kwa hiyo fundi aliyetaka kuifikia giaboksi ilimbidi kwanza ainue rejeta. Kijitabu hakisemi neno hata moja kuhusu hayo, lakini mpangilio wa hatua za ujenzi unakueleza wenyewe, kwa kuwa ukikosea ukaanza kwa kuweka rejeta hutaweza tena kuiingiza giaboksi.

Kilichokosekana kwenye injini ni mabomba membamba ya mafuta yanayotoka kwenye pampu kwenda kwenye kila silinda. Plastiki haiwezi kutoa kitu chembamba kiasi hicho, na silaumu, ila ningependa kijitabu kiwe na mchoro wa kuonyesha yanapopita. Nyuzi za shaba zinazotoka kwenye waya wa umeme wa zamani zinafaa kabisa kwa kazi hiyo, na ni bure.

Sehemu iliyonipendeza zaidi ni chumba cha mapigano. Tundu ambamo mnara unakaa lina kipenyo cha takriban mita 1.8 kwenye kifaru halisi, yaani milimita 52 katika skeli hii, na ndani ya duara hilo wanakaa watu watatu pamoja na kitako cha mzinga wa milimita 100. Mlengaji yuko kushoto mbele, kamanda yuko nyuma yake moja kwa moja, na mpakiaji yuko peke yake upande wa kulia. Ukishaviweka viti viwili vya kushoto unaona kwamba magoti ya kamanda hayana pa kwenda ila mgongoni mwa mlengaji. Mpakiaji ana nafasi zaidi, lakini mzinga uko kushoto kwake, kwa hiyo kombora lenye uzito wa karibu kilo 30 na urefu unaokaribia mita moja lazima alisukume ndani kwa mkono wa kushoto, huku kitako cha mzinga kikiwa tayari kurudi nyuma kwa kishindo mara tu kinapofyatuliwa. Modeli hii ina ngao ya kumkinga kamanda na kitako hicho, na ina sakafu inayozunguka pamoja na mnara, ambayo ni moja ya nafuu zilizoletwa na T-55. Katika T-54 za mwanzo sakafu haikuzunguka, na mpakiaji alilazimika kuufuata mnara kwa miguu yake kila ulipogeuka, akikanyaga maganda ya makombora yaliyokwisha kupigwa. Ninashauri sakafu hiyo isigundishwe, ingawa kijitabu kinaonyesha alama ya gundi, kwa sababu ikibaki huru unaweza kuuzungusha mnara na kuona nani anabanwa wapi.

Kisha kuna makombora. T-55 kilibeba 43, tisa zaidi ya T-54, na boksi linayatoa moja moja, kila moja likiwa na kitako chenye duara dogo la kiwashio cha baruti katikati. Kumi na nane kati yake hukaa mbele, kuliani kwa dereva, katika matundu yanayopita ndani ya tangi la mafuta. Nililitazama tangi hilo kwa muda mrefu kabla ya kulipaka rangi: ni sanduku lenye matundu ya duara yaliyopangwa kwa safu, kila tundu linameza kombora hadi karibu na kitako, na kinachoyazunguka makombora hayo katika kifaru halisi ni dizeli. Dereva alikuwa na tangi hilo kuliani na ukuta wa kifaru kushotoni. Kwa upande wa ufundi, tatizo la kipande hiki ni kwamba matundu yametengenezwa kwa kipimo cha kombora lisilo na rangi, na rangi ikishaongeza unene wake kombora linagoma kuingia. Yapanue kidogo kwa msasa uliokunjwa, au acha sehemu inayoingia ndani bila rangi, kwa kuwa haitaonekana kamwe.

Hiyo inanileta kwenye udhaifu mkubwa wa modeli za namna hii. Katika modeli ya kawaida bodi ya chini ni kipande kimoja kama karai, na chochote kikienda kombo ndani hakuna anayejua. Hapa bodi imegawanywa kuwa sakafu, kuta za pembeni, ukuta wa nyuma, bamba la mbele na paa, ili kila ukuta upate vifaa vyake vya ndani kabla haujasimamishwa. Kila kifaa kinachogundishwa ukutani kinaathiri mahali ukuta utakaposimama, na kosa la nusu milimita kwenye tangi la mbele linatosha kuzuia paa lisikae. Njia pekee niliyoiona ikifaa ni kukusanya bodi nzima bila gundi kila baada ya hatua chache, ukiifunga kwa mipira ya kufungia pesa au utepe wa karatasi, na kuangalia kama paa bado linalala sawasawa. Kijitabu hakikutahadharishi. Kinakupeleka kutoka hatua hadi hatua kana kwamba vipande vyote vitakutana vyenyewe, na anayekifuata kwa uaminifu bila kupima atajikuta na mwanya mbele ya mnara ambao hakuna pute ya kuuficha bila kuharibu mistari ya weldingi. Kwa bidhaa ya bei hii, hilo ni kosa la uandishi ambalo lingerekebishwa kwa kurasa mbili tu.

Kabla ya kugundisha paa mjenzi anapaswa kuwa ameshaamua ataacha nini wazi. Ukifunga kila kitu na kuacha mifuniko miwili ya mnara na ule wa dereva ikiwa wazi, kinachoonekana kutoka nje ni kama asilimia chache za kazi uliyoifanya: mgongo wa kiti, kipande cha kitako cha mzinga, labda redio ikiwa taa iko upande mzuri. Makombora ya mbele hayaonekani kabisa, na injini nayo haionekani. Wapo wanaoridhika kwa kujua tu kwamba vimo, na siwadharau, lakini mimi naona ni hasara. Nimeacha paa la bodi na sitaha ya injini bila gundi, na mnara unatoka, kwa hiyo modeli inafunguka kwa tabaka. Mifereji ya kushikia paa ni mizuri kiasi kwamba mwanya hauonekani ukilirudisha. Wajenzi wenye ujasiri zaidi hukata ukuta mmoja wote, kwa mfano wa kifaru Centurion kilichopasuliwa kwa urefu ambacho kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho ya vifaru la Bovington, Uingereza. Kiwanda kingeweza kusaidia kwa kuchora mistari ya kukatia upande wa ndani wa plastiki, lakini hakikufanya hivyo.

Nitoke nje ya mada kidogo. Skeli ya 1/35, ambayo haina hesabu yoyote ya maana, ilienea kutokana na modeli ya kifaru cha Kijerumani Panther ambayo kampuni ya Tamiya ya Japani iliitoa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ukubwa wake uliamuliwa na nafasi iliyotakiwa kwa mota na betri za kuiendesha. Tumbo la modeli lilikuwa la betri. Leo tumbo hilohilo linajazwa viti, redio na makombora, na hakuna mota inayoweza kuingia.

Rangi ndiyo inayokula muda kuliko gundi. Chumba cha mapigano ni cheupe, lakini nyeupe ya dukani iliyo kali hukifanya kionekane kama jokofu jipya, kwa hiyo ongeza tone la rangi ya udongo au la kijivu. Mwili wa injini ni wa aluminiamu, na unapendeza ukipakwa rangi ya fedha iliyofifia kisha ukapitishiwa rangi ya kahawia nyeusi iliyozimuliwa sana, ambayo hujikusanya kwenye mapengo na kutoa picha ya mafuta yaliyoganda. Usichakaze kila kitu kwa kiwango kimoja. Sakafu hupata matope na mikwaruzo ya viatu, kingo za mifuniko hung'aa kwa kushikwashikwa, ilhali paa la ndani la mnara hubaki safi karibu kama lilivyotoka kiwandani. Vyumba vya ndani lazima vipakwe kabla ya kufunga bodi, na nje hupakwa baadaye, kwa hiyo mifuniko na matundu yote yazibwe kwa sponji au karatasi laini yenye unyevu ili kijani cha nje kisiingie kwenye cheupe cha ndani. Kijitabu kinataja namba za rangi za kampuni moja tu bila kueleza rangi yenyewe ni ipi, na kwa mtu asiyeweza kuzipata rangi hizo ni fumbo.

Minyororo hutolewa kiungo kwa kiungo, takriban 90 kwa kila upande, na kila kiungo kinahitaji kukwanguliwa. Ni kazi ya kuchosha isiyo na somo lolote, na sina zaidi la kusema juu yake ila kwamba hujifunga vizuri na kulegea pale inapopaswa, juu ya magurudumu. Vibandiko vya maji ni vyembamba na vinalala vizuri, ila boksi langu halikuwa na alama za jeshi lolote la Afrika Mashariki. Mapipa mawili ya mafuta ya lita 200 yanayokaa nyuma yamegawanywa katikati kwa namna inayoacha mstari mrefu wa kuupiga msasa.

Kwa anayeagiza akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, gharama haishii kwenye bei ya boksi. Boksi ni kubwa na jepesi, jambo linaloongeza nauli, na ushuru utahesabiwa juu yake. Gundi ya modeli na rangi zenye kuwaka ni mizigo ambayo wasafirishaji wengi wa ndege huikataa, kwa hiyo zipangie njia mapema. Rangi za akriliki zinazozimuliwa kwa maji husafiri kwa urahisi zaidi. Gundi ndiyo muhimu kuliko vyote, kwa sababu gundi halisi ya modeli huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki zikashikana kuwa kitu kimoja, wakati supagluu hushika juu juu na hukatika modeli ikigongwa. Supagluu itumike kwenye vipande vya shaba tu. Praima ya kopo ya magari, inayopatikana katika maduka ya rangi, inafaa ikipulizwa kwa tabaka nyembamba kutoka mbali kidogo, lakini tina ya rangi za magari isikaribie modeli hata kwa kusafishia, kwani huila plastiki. Kompresa na kipulizio kidogo cha rangi vinarahisisha kazi, ila vyumba hivi vya ndani ni vidogo mno na sehemu kubwa nimeimaliza kwa brashi ya kawaida.

Toleo lisilo na vyumba vya ndani huuzwa kwa bei ya chini, lina magurudumu, minyororo na mnara vilevile, na linakamilika kwa sehemu ndogo ya muda. Kwa anayejenga modeli yake ya kwanza au ya pili, nashauri achukue hilo bila kusita, kwa sababu ugumu wa boksi hili hauko katika kipande kimoja kimoja bali katika kuvipatanisha vyote ndani ya bodi moja, na ustadi huo haupatikani ila kwa kuzoea kupima bila gundi. Fundi wa magari au mwanafunzi wa uhandisi ambaye hajawahi kugusa modeli ninamweka kando na ushauri huo. Anaweza kukosea rangi na bado akafaidi injini na giaboksi kuliko mjenzi hodari asiyejali kilichomo. Na kwa yule ambaye nia yake ni Kagera, modeli za Type 59 zipo katika skeli hiyohiyo. Achunguze tu picha ya boksi kabla ya kulipa, aone kama kofia ya feni ipo juu ya mnara, na asome kwa makini kama toleo hilo lina vyumba vya ndani au la.